Bunduki za kale za kijeshi: kwa nini risasi inakwenda pembeni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilifundisha shabaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuhamia Dodoma kulima zabibu. Zabibu hazijanitajirisha, ila maswali ya bunduki hayajawahi kukauka. Wengine wananipigia kutoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, wengine wananikuta nimekaa kwa fundi baiskeli. Wapo wenye leseni walioachiwa silaha na wazee wao, wapo wanafunzi wa historia, na wapo wanaotaka tu kumaliza ubishi wa kijiweni. Nimeyaandika maswali jinsi yanavyonijia.

Bunduki za kale unazozungumzia ni zipi?

Zile zilizopita nchi hii kati ya miaka ya 1880 na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ya kwanza ni Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayokula baruti nyeusi. Askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado wanaibeba vita vilipoanza mwaka 1914. Ya pili ni Mauser ya mwaka 1898, milimita 7.92, baruti isiyo na moshi. Ya tatu ni Lee-Enfield ya Mwingereza, maarufu kwa jina la ".303", tamka "thri-o-thri" kama wazee wanavyotamka. Wabelgiji waliofika Tabora mwaka 1916 walikuwa na Mauser yao ya mwaka 1889, ya milimita 7.65. Huku kwetu kati, bunduki hizo zilikutana ana kwa ana: Kondoa Irangi ilipiganiwa Aprili na Mei 1916, na Dodoma yenyewe ikaangukia mikononi mwa majeshi ya upande wa Uingereza mwishoni mwa Julai mwaka huohuo.

Ni kweli risasi inakwenda pembeni kwa sababu inazunguka?

Kweli, ingawa watu huipa sababu hiyo lawama kubwa kuliko inavyostahili.

Chukua pia, ile ya watoto ya kuchezea kwa kamba. Ikizunguka wima, inasimama. Igonge kidogo kwa kidole kichwani: haianguki upande ulioigonga, inakwepa kuelekea upande mwingine, kisha inaanza kutembea kwa duara. Kitu kinachozunguka kwa kasi ndivyo kilivyo. Ukikisukuma huku, kinajibu kule.

Risasi ni pia iliyolala. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huifanya izunguke ili pua yake ibaki mbele. Sasa njia ya risasi angani haijanyooka, inainama kuelekea chini kwa sababu ya uzito wake. Pua inachelewa kidogo kufuata mwinamo huo, kwa hiyo hewa inaipiga kwa chini na kuisukuma juu. Risasi inajibu kama pia: badala ya kunyanyua pua, inaielekeza pembeni kidogo sana. Mtutu ukiwa na mifereji ya kuzungukia kulia, pua inaelekea kulia na risasi inateleza kulia. Mifereji ikizungukia kushoto, inateleza kushoto.

Mauser zote nilizotaja zinazungukia kulia. Lee-Enfield inazungukia kushoto, na Lebel ya Ufaransa ya mwaka 1886 pia kushoto. Kwa hiyo yule anayeshika .303 na kusema "risasi zote duniani zinakwenda kulia" amesoma kitabu cha bunduki nyingine.

Huo mkengeuko ni mkubwa kiasi gani?

Kuna jedwali la Kirusi la risasi nyepesi ya 7.62×54R ambalo wapiga shabaha wengi wanalijua kwa kichwa. Mita 100, sifuri. Mita 300, sentimita 2. Mita 500, sentimita 7. Mita 600, sentimita 12. Mita 800, sentimita 29. Mita 1,000, sentimita 62. Angalia jinsi namba zinavyoruka mwishoni: kutoka mita 500 hadi 1,000 umbali umeongezeka mara mbili tu, mkengeuko umeongezeka karibu mara tisa. Risasi ikipungua mwendo inakaa hewani muda mrefu, na njia yake inainama zaidi.

Bunduki nyingine zina namba zao, lakini sura ya jedwali ni ileile. Mtu akiniambia bunduki ya babu yake inapiga kiganja kizima kulia kwa mita 100 "kwa sababu ya mzunguko", namwambia aache mzunguko kwanza, aangalie kilengeo, yaani kile chuma cha kulengea kilicho juu ya mtutu.

Nitajuaje mifereji ya mtutu wangu inazungukia upande gani?

Toa risasi zote. Angalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Baada ya hapo funga kitambaa kinachobana kwenye ufito wa kusafishia ulio na kishikio kinachozunguka chenyewe, usukume polepole kutoka nyuma kwenda mbele, ukitazama kishikio. Kikizunguka kama mshale wa saa, mifereji ni ya kulia. Ni kazi ya dakika mbili, na inamaliza ubishi wa jioni nzima.

Kama walijua risasi itateleza, kwa nini hawakurekebisha kiwandani?

Wengine walirekebisha. Marekani ilikuwa na kilengeo cha Buffington cha mwaka 1884, na baadaye bunduki ya Springfield ya mwaka 1903: ukipandisha kitelezi cha kilengeo cha nyuma ili kupiga mbali, chenyewe kinasogea kushoto kidogo kidogo, kwa kuwa risasi itateleza kulia. Askari hahitaji kupiga hesabu. Mimi naona ni moja ya kazi safi kabisa za mafundi wa zama zile.

Waingereza kwenye Lee-Enfield fupi za mwanzo waliweka kilengeo cha nyuma kinachosogezwa kushoto na kulia kwa kizungusho, kisha mwaka 1916, katikati ya vita, wakakiondoa ili kuharakisha utengenezaji. Bunduki hizo zina alama ya nyota baada ya namba. Ukiikuta yenye nyota na kilengeo kisichosogea pembeni, haijavunjika, ilizaliwa hivyo.

Na kiwandani pia walikosea. Wakati wa vita vya Makaburu, mwaka 1899 kuelekea 1900, iligundulika kwamba Lee-Enfield zilizopelekwa Afrika Kusini zilikuwa na vilengeo vilivyowekwa vibaya, zikipiga karibu nusu mita kulia kwa umbali wa yadi 500. Mzunguko wa mifereji yake ni wa kushoto, risasi zinakwenda kulia! Hapo huwezi kulaumu pia wala hewa. Ni kijino cha mbele, kile kichuma kidogo kinachosimama karibu na mdomo wa mtutu, kimekaa pasipo pake, basi. Kisa hiki ndicho ninachowasimulia wote wanaokuja na hesabu ndefu za mkengeuko kabla hawajapima kilengeo kwa rula.

Mauser yangu ya 98 inapiga juu sana kwa mita 100. Kilengeo kimeharibika?

Hapana. Baada ya Wajerumani kubadili risasi, wakaacha ile nzito yenye pua ya duara na kuchukua ile nyepesi yenye pua kali, kipimo cha chini kabisa cha kilengeo kile cha mgongo uliopinda kikawa mita 400. Hakuna 100, hakuna 200. Ukilenga kwa kipimo hicho, katikati ya safari risasi inapita juu ya mstari wa jicho kwa sentimita 30 na ushei. Askari alifundishwa kulenga chini. Shabaha ikiwa mahali popote kuanzia karibu hadi mita 400, hakuhitaji kugusa kilengeo. Kwa vita ilikuwa hesabu nzuri. Kwa karatasi ya shabaha mita 100 inaudhi, na hakuna la kufanya ila kulenga chini ya karatasi au kuweka kijino cha mbele kirefu zaidi.

Kila kilengeo cha kale kilichorwa kwa risasi moja, ya uzito mmoja na mwendo mmoja. Waingereza waliondoka kwenye risasi ya alama ya VI, yaani toleo la sita, ya gramu 14 hivi, pua duara, mita 630 kwa sekunde, wakaenda alama ya VII mwaka 1910, ya gramu 11.3, pua kali, mita 744 kwa sekunde. Ikabidi vilengeo vichorwe upya. Ukitia risasi ya VII kwenye bunduki yenye namba za VI, kadiri unavyopiga mbali ndivyo namba zinavyokudanganya.

Namba kwenye kilengeo ni mita au yadi?

Mjerumani na Mbelgiji wanaandika mita. Mwingereza anaandika yadi, na yadi moja ni sentimita 91. Yadi 500 ni mita 457. Mrusi kwenye bunduki zake za zamani kabisa za 1891 aliandika kwa arshini, ambayo ni sentimita 71. Nimewahi kuona watu wazima wakigombana nusu saa juu ya bunduki "inayopiga juu" kumbe mmoja amepima uwanja kwa mita akaweka kilengeo cha yadi, mwingine kinyume chake.

Upepo wa Dodoma je?

Huo ndio adui mkubwa. Watu wa Dar wanadhani upepo ni ule wa ufukweni. Waje hapa Julai au Agosti, mahindi yameshavunwa, mibuyu imebaki fimbo tupu, na upepo wa kusini mashariki unaanza saa nne asubuhi kama umepewa zamu.

Chukua .303 yenye risasi ya alama ya VII na upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokata pembeni kabisa. Kwa mita 300 risasi itasogea karibu robo mita. Linganisha na zile sentimita 2 au 3 za mzunguko. Upepo ni mara kumi. Mauser ya 71 ndiyo inateseka zaidi: risasi yake ni nzito, gramu 25, lakini inatoka kwa mita 430 tu kwa sekunde, kwa hiyo kwa umbali uleule upepo unaibeba zaidi ya nusu mita.

Hapa watu hukosea sababu. Wanadhani kinachoamua ni muda risasi inaokaa hewani. Kinachoamua ni muda inaoupoteza: tofauti kati ya muda halisi wa safari na muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo. Risasi inayopunguzwa mwendo sana na hewa ndiyo inayopeperushwa sana.

Kuna jambo dogo jingine ambalo wachache hulitaja. Upepo wa pembeni unasogeza risasi pia juu au chini kidogo. Mtutu wenye mifereji ya kulia ukipigwa na upepo kutoka kulia, alama inakwenda kushoto na kupanda kidogo. Upepo ukitoka kushoto, inakwenda kulia na kushuka. Kwenye .303 huko kupanda na kushuka ni kinyume. Ukiona mashimo yako yamejipanga kwa mshazari badala ya mstari uliolala, jua upepo ulikuwa unabadilika.

Namna ya kusoma upepo huku: vumbi la barabara ya mbali, moshi wa jiko la mkaa, nyasi kavu. Bendera iliyo karibu nawe inakuambia habari za ulipo wewe tu. Na ukiona kisulisuli kinavuka uwanja, weka bunduki chini ule karanga. Kitapita.

Je, urefu wa Dodoma kutoka usawa wa bahari na joto vinabadilisha chochote?

Vinabadilisha. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa sehemu moja kati ya kumi hivi, na tofauti inakuwa kubwa zaidi ukilinganisha na uwanja wa baridi wa Ulaya ambako vilengeo vilipimwa. Hewa nyepesi inaizuia risasi kidogo, kwa hiyo kwa mbali inafika juu kuliko namba inavyosema na upepo unaipeperusha pungufu. Kwa mita 100 hutaona kitu. Kwa 600 utaona.

Joto lina njia ya pili, nayo ni baruti. Baruti iliyopata joto inaungua haraka na kusukuma kwa nguvu zaidi. Ukiacha risasi juani kwenye boneti ya gari mchana wa Novemba, halafu ukalinganisha na zile zilizokaa kivulini, usishangae mashimo yakiwa makundi mawili.

Na mzunguko wa dunia? Mwalimu wa fizikia alisema risasi inakwenda kushoto huku kusini.

Mwalimu yuko sahihi, tatizo ni kiasi. Kusini mwa ikweta dunia inapeleka risasi kushoto, kaskazini inaipeleka kulia, na nguvu hiyo inaongezeka kadiri unavyoiacha ikweta. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini. Kwa .303 ya kwenda mita 1,000, safari ya karibu sekunde 2, hesabu inatoa sentimita moja na nusu kushoto. London hesabu hiyohiyo inatoa sentimita 11 hivi kulia.

Ila sisi tulio karibu na ikweta tuna ya kwetu. Hapa dunia inacheza na juu na chini. Ukipiga kuelekea mashariki, upande wa Morogoro, risasi ya mita 1,000 inafika karibu sentimita 14 juu. Ukigeuka kuelekea Manyoni, inafika kiasi hicho chini. Ni elimu tamu ya kumkalisha mtu kijiweni. Kwa bunduki ya miaka 110 yenye kilengeo cha pengo, haitakusaidia chochote.

Asubuhi napiga kulia, jioni napiga kushoto, bunduki ni ileile. Kwa nini?

Uwanja wako unaelekea kaskazini au kusini?

Kijana mmoja alinijia na shida hii. "Shikamoo babu, hii bunduki ina pepo." Nikamwambia marahaba, twende tukamwone huyo pepo. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, jua limekaa chini upande mmoja. Nikamwomba atazame kijino cha mbele tu, asahau shabaha. "Unaona nini?" Akasema anaona mstari mweupe. Nikaweka kofia yangu kuzuia jua. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ni kinene."

Ndiyo shida yenyewe. Kijino cha chuma kilichochakaa rangi kinang'aa upande wa jua. Jicho linauchukua upande ule wenye mwanga na kuuona kama ndio kijino kizima, linauweka katikati ya pengo la nyuma. Kijino chenyewe kinakuwa kimesogea upande wa pili, na mtutu pamoja nacho. Risasi inalikimbia jua. Jua likiwa kushoto, mashimo yanakwenda kulia. Jua likiwa kulia, yanakwenda kushoto.

Dawa yake ni ya zamani: masizi. Niliwasha koroboi niliyokuja nayo kwenye kikapu, nikashikilia kijino juu ya ncha ya moto, pale moshi mweusi unapoanza, sekunde tano au sita, mpaka kikawa cheusi kama kaniki. Usikiguse tena kwa kidole. Alipiga tano, zikarudi katikati. Masizi yanafutika ukiitia bunduki kwenye mfuko, kwa hiyo ni kazi ya kila siku ya kupiga.

Baada ya saa nne kuna tatizo tofauti: mtutu ukipata moto, joto linapanda mbele ya jicho na shabaha inaanza kucheza kama mazigazi ya barabarani. Pumzisha bunduki.

Kijino cha mbele kimesogea. Nikigonge kuelekea wapi?

Kijino cha mbele kinafuata kosa. Risasi zikienda kulia, kigonge kwenda kulia. Zikienda juu, kinatakiwa kirefushwe. Kilengeo cha nyuma ni kinyume: kinakwenda unakotaka risasi iende.

Najua sentensi hizo kwa maumivu. Miaka ya mwanzo ya kazi nilipewa bunduki iliyokuwa inapiga juu kiganja kimoja. Nikachukua tupa, nikajiambia "inapiga juu, basi kijino ni kirefu mno", nikakipunguza. Nikapiga: viganja viwili juu. Nikadhani sijapunguza vya kutosha. Nilipotulia kufikiri, kijino kilikuwa kimebaki kama jino la mtoto wa miezi saba, na mkubwa wangu amesimama nyuma yangu hasemi kitu. Ukikata kijino, inabidi uinue mtutu ili kukiona kwenye pengo, na risasi inapanda. Chuma kilichokatwa hakiongezeki.

Kuhusu kiasi, Lee-Enfield fupi ina nusu mita hivi kati ya kilengeo na kilengeo. Ukikisogeza kijino milimita 1, alama inahama sentimita 20 kwa mita 100. Kwa hiyo unaposema "kidogo tu", kumbuka unene wa kucha yako ni kama sentimita 10 uwanjani. Chora mstari mwembamba wa penseli kwenye kijino na kwenye chuma kinachokibeba kabla ya kugonga, tumia kipande cha shaba badala ya msumari, na gonga mara moja moja ukiangalia mstari.

Bunduki ilikuwa sawa Mbeya, nimeileta Dodoma imebadilika. Kilengeo hakijaguswa.

Angalia mbao. Bunduki hizi zimevishwa mbao karibu mpaka mdomoni, na mbao zinakunywa na kutapika unyevu. Zikitoka kwenye baridi na mvua kuja kwenye kiangazi chetu, zinakauka na kusinyaa, skrubu zinazobana chuma na mbao zinalegea bila mtu kuzigusa. Lee-Enfield inaathirika zaidi kwa sababu ilitengenezwa mbao ya mbele iusukume mtutu juu kidogo karibu na mdomo. Msukumo huo ukipungua, au ukaegemea upande mmoja, mtutu unatetemeka tofauti kila risasi inapopita.

Kaza skrubu, ukianza na ya mbele. Kisha acha bunduki ikae wiki mbili kwenye hewa ya hapa kabla hujagusa kilengeo. Watu hawana subira hiyo. Wanagonga kilengeo Agosti, halafu mvua za Desemba zikinyesha wanakigonga tena kukirudisha kilipotoka.

Singe inabadilisha shabaha?

Inabadilisha. Uzito ukining'inia mdomoni, mtetemo wa mtutu unakuwa mwingine. Warusi waliisawazisha Mosin-Nagant ya 1891/30 ikiwa na singe yake, maana walitarajia askari aifunge muda wote. Ukiipiga bila singe, alama inahama. Ikiwa unayo ya aina hiyo na inapiga pembeni, kabla ya nyundo uliza singe iko wapi.

Nikiinamisha bunduki kidogo wakati wa kulenga kuna ubaya?

Kwa mita 50, hapana. Kwa mbali, ubaya ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa mita 500 risasi ya .303 inaanguka zaidi ya mita 3, kwa hiyo kilengeo kinauelekeza mtutu juu kiasi hicho. Ukiinamisha bunduki nyuzi 5 kulia, sehemu ya ile "juu" inageuka kuwa "kulia": karibu sentimita 30. Mzunguko kwa umbali huo ni sentimita 7. Nimekaa nyuma ya watu wengi wanaolaumu mkengeuko huku nikiona kwa macho yangu kijino kimelala kama nguzo ya ua iliyogongwa na ng'ombe.

Mtutu uliolika unaonekanaje?

Tazama mdomo kwanza. Majeshi yalisafisha kwa kamba yenye kitambaa. Mwingereza aliiweka ndani ya kitako pamoja na chupa ya mafuta. Askari akiivuta kwa mshazari kila jioni kwa miaka, kamba inachimba upande mmoja wa mdomo. Hapo gesi inatoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi kitako wakati wa kuachana na mtutu. Bunduki itapiga pembeni upande uleule kila siku, na hakuna kilengeo kitakachoiponya kwa umbali wote.

Kisha tazama ndani. Fataki za kuwashia baruti ndani ya risasi za zamani ziliacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Mafuta hayaitoi. Maji ya moto ndiyo yanaitoa: mimina kutoka nyuma, kausha, ndipo utie mafuta. Ukiona mtutu una vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, ni mtu mmoja zamani aliyekwenda kulala bila kuchemsha maji.

Gobore nalo lina mkengeuko wa aina hii?

Gobore halina mifereji, kwa hiyo halina mkengeuko wenye mpangilio. Goroli linagonga kuta za mtutu na kutoka likizunguka linavyotaka, leo kulia, kesho chini. Mwingereza Benjamin Robins alilionyesha hilo karne ya 18, na mwanafizikia wa Kijerumani Gustav Magnus akaja kulieleza vizuri miaka ya 1850. Ni kilekile kinachopinda mpira wa kona.

Askari wa Mjerumani walipigaje vizuri na ile Mauser ya 71?

Kwa karibu. Kilengeo chake kina namba mpaka mita 1,600, ila kwa mita 300 tu risasi inaanguka kama mita 3, na ukikosea kukadiria umbali kwa hatua 50 umekosa mtu mzima. Baruti nyeusi nayo ilitoa wingu jeupe lililomfunika mpigaji asione alikopiga na kumwonyesha adui alipo. Kwenye vichaka vya huku, ambako huoni zaidi ya hatua mia moja, udhaifu huo wa umbali haukuwa na maana kubwa, na risasi ya gramu 25 haikuhangaishwa na majani. Moshi ndio uliowaumiza.

Nimekuta bunduki kuukuu darini kwa marehemu babu. Uniangalizie kama inalenga?

Usiilete kwangu, na usiijaribu. Toa taarifa polisi. Silaha yoyote nchini inahitaji leseni, hata iwe na kutu ya miaka mia. Wala usiamini risasi "inayoingia". Mitutu ya awali ya milimita 7.9 ya Kijerumani ilichongwa myembamba kidogo kuliko ya baadaye, risasi mpya inaingia vizuri kabisa kwenye chemba na shinikizo linapanda kupita kiasi. Ya 71 ukiitia baruti ya kisasa inaweza kukupasukia usoni.

Ukishakamilisha ya polisi na fundi mwenye kibali akasema ni salama, nitumie picha nne: mdomo wa mtutu kwa karibu, kijino kutoka nyuma, kilengeo cha nyuma kutoka juu, na alama zilizogongwa kwenye chuma. Pigia kivulini, bila mweko wa kamera. Mweko unakichezea kijino kama jua la saa moja na nusu.